Anayeanza na anga la usiku aanzie uani kwake

Video za anga la usiku zimejaa kwenye simu za vijana wetu: nyota zinachomoza nyuma ya mlima, Njia Nyeupe inapinduka juu ya jangwa, mwezi unazama baharini kwa sekunde chache. Wenye kazi hiyo huziita taimulapsi. Mpigaji huiweka kamera mahali pamoja, akapiga mamia ya picha kwa mapumziko yaliyo sawa, kisha akaziunganisha ziwe video fupi, na usiku mzima ukapita kwa nusu dakika. Anayetaka kujaribu naye hutafuta maelekezo, na mengi atakayoyapata yatamwambia anunue kamera kubwa, anunue lenzi pana ya bei mbaya, kisha asafiri mbali kabisa na mji. Wengi huishia hapo. Hoja yangu ni kwamba maelekezo hayo yaliandikwa kwa watu wa nchi nyingine na kwa lengo jingine. Kwa mtu anayeishi Singida, Kitui, Mpanda au Pemba, video ya kwanza ya anga la usiku inafaa kupigwa uani kwake, kwa simu aliyonayo, ikilenga kujibu swali. Ikifanywa hivyo inakuwa somo la sayansi ambalo shule zetu zinalikosa huku kifaa chake kikiwa mfukoni mwa mwalimu.

Tuanze na mahali tulipo, kwa kuwa hapo ndipo tulipobarikiwa na hatujui. Nairobi iko kusini ya ikweta kwa nyuzi moja na kidogo, Kampala iko kaskazini yake kwa chini ya nyuzi moja, Dar es Salaam haifiki nyuzi 7. Mtu aliye karibu hivi na ikweta huona, mwaka unapozunguka, karibu nyota zote zinazoonekana kwa macho kutoka duniani, za kaskazini na za kusini. Mwishoni mwa Mei, masika ikishapungua, mkazi wa Nairobi akitoka nje mnamo saa 2 usiku anaweza kuuona Msalaba wa Kusini upande mmoja na Dubu Mkubwa upande wa pili, kwa kimo kinachokaribiana. Kitovu cha galaksi yetu, ile sehemu nene na angavu ya Njia Nyeupe inayowindwa na wapigaji wote, hupita Dodoma kwenye kimo cha nyuzi 67 hivi, karibu na utosi. London hakivuki nyuzi 10 juu ya upeo wa macho, kwa hiyo humezwa na ukungu na taa za mji. Tena kuanzia mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Julai London haipati giza kamili hata saa 6 usiku, maana jua halishuki chini vya kutosha. Kwetu miezi ya Julai na Agosti ni kipupwe: mvua imekatika sehemu kubwa ya Tanzania, hewa ni kavu, usiku una karibu saa 12, na kitovu hicho kiko juu kabisa kati ya saa 3 na saa 5 usiku. Waitaliano waliitambua thamani ya ikweta yetu zamani. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, timu yao ilirusha kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, setilaiti ya NASA iliyokuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei za angani. Iliitwa Uhuru.

Mtu anayefuata maelekezo ya kigeni neno kwa neno huipoteza bahati hiyo. Mwongozo wa Ulaya au Marekani humwambia mwanafunzi aielekeze kamera kwenye Nyota ya Kaskazini ili nyota nyingine zionekane zikiizunguka. Dar es Salaam na Mbeya nyota hiyo haichomozi kabisa, na hata Nairobi mtu hawezi kuiona. Humwambia pia asubiri muda mrefu baada ya machweo. Jua letu huzama wima, ndiyo maana giza letu huingia upesi: kutoka machweo hadi giza kamili ni kama saa moja na dakika 10, mwaka mzima, bila mabadiliko makubwa. Mtu wa huku akiielekeza simu mashariki atapata kitu ambacho mwenzake wa Berlin hawezi kukipata kwao, yaani nyota zikipanda wima kutoka ardhini, moja baada ya nyingine. Akiielekeza kusini ataona nyota zikichora nusu duara kubwa kuzunguka nukta iliyo karibu na ardhi; kwa mtu wa Dar es Salaam nukta hiyo iko nyuzi 7 tu juu ya upeo wa macho. Kwa video hizo mbili fupi, mhimili wa dunia umeonekana umelala karibu sawa na ardhi tunayoikanyaga. Hakuna mchoro wa kitabuni unaolieleza jambo hilo hivyo.

Vifaa ni vichache. Inatakiwa simu yenye sehemu ya kupanga mipangilio ya kamera kwa mkono, ile ambayo simu nyingi za Android huiandika Pro, na uwezo wa kupiga picha mfululizo kwa muda uliopangwa. Simu isiyo nao hupewa programu ndogo. Stendi ya miguu mitatu ni nzuri, lakini kopo lililojaa mchanga huishika simu imara vilevile. Kisha kuna hesabu. Video laini huwa na picha 25 kwa sekunde, hivyo video ya sekunde 10 inataka picha 250. Kila picha ikipokea mwanga kwa sekunde 20 na simu ikapumzika sekunde 2, kazi yote huchukua sekunde 5,500, kama saa moja na nusu, na katika muda huo dunia imejizungusha nyuzi 23. Picha za megabaiti 4 kila moja zitajaza gigabaiti moja ya nafasi. Mtu huhofu kwamba sekunde 20 ni nyingi na nyota zitatoka mistari, lakini hesabu inamtuliza. Anga huhama nyuzi moja kwa dakika 4, kwa hiyo katika sekunde 20 huhama sehemu moja ya 12 ya nyuzi. Kamera kuu ya simu nyingi huona upana wa nyuzi 70 hivi na kuugawa katika pikseli 4,000. Nyota basi inatambaa pikseli 5, na video ikipunguzwa hadi upana wa pikseli 1,920 zinabaki 2 na kidogo. Jicho halitambui.

Yanayoharibu kazi ya anayeanza ni mambo madogo. Fokasi ya otomatiki huhangaika gizani, kwa hiyo ifungwe kwenye umbali wa mbali kabisa. Rangi ikiachiwa simu ijichagulie, hubadilika picha kwa picha na video ikapepesa. Ujumbe ukiingia simu hutetemeka, basi mtandao uzimwe kabla ya kuanza. Betri huisha, na usiku wa manane umande hutanda kwenye lenzi, kwa hiyo pawa benki na kitambaa kikavu viwe karibu. Taa ya bodaboda inayopita yaweza kuuangaza mwembe wote katika picha moja kati ya zile 250. Anayetafuta urembo ataiondoa picha hiyo na hakuna atakayejua. Anayepima asiiguse, kwa sababu kila picha ni sekunde 22 za saa yake.

Kupima ndiko kunakonifanya niitetee kazi hii kwa nguvu. Kila mtoto aliyepita shule ya msingi amekariri kwamba dunia hujizungusha kwenye mhimili wake kwa saa 24 na kulizunguka jua kwa siku 365 na robo. Wangapi wamewahi kuonyeshwa ushahidi? Mwalimu aielekeze simu magharibi, ukingo wa paa au wa tangi la maji uonekane upande mmoja wa picha, na nyota moja angavu iwe inaushukia ukingo huo. Simu huandika saa ya kila picha. Darasa litafute picha ya kwanza ambayo nyota imetoweka nyuma ya ukingo na kuandika saa yake. Kesho yake simu irudishwe palepale, na kazi irudiwe. Nyota itatoweka dakika 4 mapema, picha 10 au 11 kabla ya ile ya jana. Baada ya wiki itakuwa imetangulia karibu nusu saa, na baada ya mwezi saa 2. Mwanafunzi akizidisha dakika hizo 4 kwa siku za mwaka anapata saa 24: katika mwaka mmoja nyota zimetuzunguka mara moja zaidi ya jua. Mzunguko huo wa ziada ni safari yetu ya kulizunguka jua, na ameuona kwa ukingo wa paa la shule. Zaidi ya hapo, atajifunza kwa nini vipimo hukosea. Paa likiwa umbali wa mita 20 na simu ikasogezwa sentimita 10 tu kutoka ilipokaa jana, kosa lake ni zaidi ya dakika nzima, robo ya kile alichokuja kukipima. Ataitafuta alama ya msumari au rangi ardhini, ataamua kutumia mnara ulio mbali badala ya paa la karibu, ataelewa sababu. Mwanafunzi aliyelipambanua hilo mwenyewe amegusa kiini cha sayansi kuliko aliyejaza majibu sahihi kwenye karatasi.

Tena elimu hii ina wenyewe hapa. Wakulima wa bara na pwani walikitazama Kilimia kinapozama na kinapochomoza ili wakisie mvua na kupanga kulima. Kundi hilo la nyota hupotea katika mwanga wa machweo mwezi Mei na kuonekana tena alfajiri mwezi Juni, na kinacholihamisha ni dakika 4 zilezile za kila usiku. Manahodha waliokwenda Arabuni na Bara Hindi kwa pepo za kaskazi na kusi walijua nyota ipi huchomoza wapi. Waislamu mpaka leo huutafuta mwezi mwandamo kila baada ya siku 29, na mjadala wa kuonekana au kutoonekana kwake hauishi kwenye redio na barazani. Huo mwezi mwandamo ndio ningemshauri anayeanza aanze nao kabla ya kuiwaza Njia Nyeupe. Unang'aa vya kutosha kwa simu yoyote, uko magharibi watu wakiwa bado macho, na unazama mapema. Picha moja kila sekunde 5 kwa dakika 50 zinatoa video ya sekunde 24, ambayo inauonyesha ukishuka karibu wima hadi kugusa miti. Zuhura ikiwa jirani, video inakuwa na mambo mawili ya kuuliza: kipi kinashuka upesi, na kesho yake kipi kitakuwa kimehama zaidi.

Wapo watakaosema kazi hii imeshafanywa na mabingwa, na video zao zinatazamwa bure. Ni kweli zipo, na ni nzuri mno. Lakini nyingi zimepigwa Ulaya, Marekani, au kwenye vituo vya uchunguzi vya Chile kama Paranal, kilicho nyuzi 24 kusini ya ikweta. Anga la huko linainama. Nyota zake huchomoza kwa mshazari na nukta ya kusini imepanda juu. Mtoto wa Kisumu akilitazama anga hilo kisha akatoka nje, hakioni alichoonyeshwa. Jambo la pili ni zito zaidi. Video ya mtu mwingine huwezi kuihoji. Hujui picha zilipigwa kwa mapumziko gani, hujui kama mlima na anga vilipigwa siku moja, hujui rangi imezidishwa kiasi gani. Video nyingi zinazosambaa zimeunganishwa kutoka picha za mahali mbalimbali, na nyingine zimetengenezwa na kompyuta mwanzo hadi mwisho. Aliyewahi kukesha akipiga picha zake mwenyewe anazitambua upesi, kwa sababu ameshajua mwezi haupiti mbele ya mawingu na nyota hazibadili mwelekeo katikati ya usiku.

Pingamizi la uwezo wa simu ni la haki, na halifai kujibiwa kwa maneno matamu. Simu ya bei nafuu ikielekezwa kwenye Njia Nyeupe itatoa giza lenye chenga za rangi. Kwa kazi hiyo kamera ya zamani yenye lenzi ya kubadilishwa, hata iliyokwishatumika miaka 10, huishinda simu nyingi mpya, na mwenye kuipata aitumie. Ni kweli pia kwamba simu zimepiga hatua: Pixel 4 ya mwaka 2019 ilikuja na namna ya kukusanya mwanga wa nyota hadi dakika 4 kwa picha moja, na iPhone 12 ya mwaka 2020 ikaleta taimulapsi ya gizani inayojipanga yenyewe. Hizo si simu za kila mtu. Lakini mwezi, Zuhura, Mshtarii, nyota kubwa za Jabari, radi za mbali juu ya Ziwa Victoria na kupatwa kwa mwezi, vyote vinaonekana kwa simu ya kawaida yenye mipangilio ya mkono. Jaribio la ukingo wa paa linahitaji nyota moja tu. Tatizo linatokea pale anayeanza anapopewa Njia Nyeupe iwe mtihani wake wa kwanza, akafeli, akaamini kwamba anga ni la matajiri.

Usalama ni jambo zito kuliko pesa. Mtu anayezungukazunguka nje peke yake usiku wa manane hutiliwa shaka, anaweza kuitwa mwizi au mchawi, na simu yake inaweza kuporwa. Kwa wasichana hatari ni kubwa zaidi, na vijiji vilivyo kando ya hifadhi vina tembo na fisi. Ndiyo maana nasema uani. Kamera ndiyo inayokesha. Mwenye kamera anaweza kuipanga saa 2 usiku, akaingia ndani na kuifuata saa 4. Dari ya ghorofa, baraza la nyumba au dirisha lisilo na taa nyuma yake vinatosha. Shule za bweni zina ukuta, mlinzi na mwalimu wa zamu, nazo ndizo mahali pafaapo kuliko pote. Majirani na mwenyekiti wa mtaa waambiwe mapema. Inajulikana vilevile kwamba shule zetu nyingi haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu, na sitaki katazo hilo lilegezwe kwa ajili ya nyota. Simu moja ya mwalimu inalitosha darasa zima, maana kazi kubwa ni ya kesho yake asubuhi, picha zinapofunguliwa na kuhesabiwa kwa pamoja.

Mzazi atauliza kijana atakula nini kwa nyota. Sitamdanganya kwamba ataajiriwa. Kuhariri video, kupanga mwanga na kupiga hesabu za muda ni ujuzi unaotumika kwenye harusi, matangazo na vyombo vya habari, na hilo si haba. Lakini hata kama hakuna senti itakayoingia, hamu ya kujua ina haki yake. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa likabaki pete, watu walikusanyika Rujewa wilayani Mbarali kulitazama. Wananchi wetu hawana uvivu wa kuangalia juu. Wanakosa mtu wa kuwapa cha kufanya siku za kawaida, ambapo hakuna kinachopatwa.

Kuna sababu nyingine ya kuanza sasa badala ya kungoja kamera nzuri. Ramani ya dunia ya mwanga wa usiku iliyotolewa mwaka 2016 ilionyesha kwamba asilimia 83 ya binadamu wanaishi chini ya anga lililochafuliwa na taa, na zaidi ya theluthi moja hawaioni Njia Nyeupe kutoka wanapoishi. Nchi zilizoathirika kidogo kuliko zote zilikuwa Chad, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Madagaska. Mwaka 2023 jarida la Science lilichapisha utafiti uliokusanya hesabu 51,351 za nyota zilizofanywa na raia wa kawaida kati ya mwaka 2011 na 2022. Ulikadiria kuwa anga la usiku linaongezeka mwanga kwa karibu asilimia 10 kila mwaka. Kwa kasi hiyo, mtoto anayezaliwa mahali panapoonekana nyota 250 atabaki na nyota 100 akifikisha miaka 18. Hesabu nyingi zilitoka Ulaya na Amerika Kaskazini. Afrika ilichangia kidogo sana, kwa hiyo mabadiliko ya anga letu yanapimwa kwa kukisia, wakati miji yetu ndiyo inayopanuka na taa nyeupe za LED zinafungwa barabara baada ya barabara. Video iliyopigwa palepale, kwa mipangilio ileile, mwezi uleule wa kila mwaka, ni kumbukumbu ya mabadiliko hayo. Hata mistari ya setilaiti inayokatiza picha baada ya machweo, iliyoongezeka mno tangu Starlink ilipoanza kurusha zake kwa wingi Mei 2019, inafaa kubaki kwenye kumbukumbu hiyo ikiwa imehesabiwa.

Mtu akisema taa ni maendeleo, nakubaliana naye kabisa. Mama anayetoka sokoni usiku anahitaji njia yenye mwanga, na zahanati isiyo na taa ni aibu. Swali ni mwanga unakwenda wapi. Taa yenye kofia inayoelekeza mwanga wote chini huangaza barabara vizuri zaidi kwa umeme mdogo zaidi; taa iliyo wazi pande zote huunguza fedha za halmashauri kuyaangaza mawingu na kumpofusha dereva. Ufaransa ilitoa kanuni mwaka 2018 zinazotaka taa za madirisha ya maduka zizimwe ifikapo saa 7 usiku, na uchumi wake haukuanguka. Namibia, hifadhi ya NamibRand ilitambuliwa kimataifa mwaka 2012 kwa giza la anga lake, na wageni hulipa kwenda kuliona. Sisi tuna nyika pana kuanzia Ruaha hadi Turkana, na madiwani wetu hawajawahi kuonyeshwa kwamba giza hilo ni mali. Wakionyeshwa video mbili za kata yao, ya mwaka huu na ya miaka mitano ijayo, watakuwa na cha kujadili.

Kumbukumbu hiyo itakuwa na thamani ikiwa ni ya kweli. Kamera hukusanya mwanga kwa sekunde 20, jambo ambalo jicho haliwezi, hivyo rangi na wingi wa nyota kwenye picha vitazidi alivyoona mpigaji. Hakuna kosa hapo mradi aseme. Anayeongeza rangi, anayebandika mlima wa mahali pengine au anayeongeza kasi katikati ya video anayo haki ya kutengeneza sanaa, lakini aiite sanaa.

Ombi langu kwanza ni kwa walimu wa sayansi na jiografia. Msisubiri mtaala ubadilishwe wala mfadhili alete darubini. Chagueni usiku wa giza la mwezi katika Julai, simu moja, kopo moja la mchanga na ukingo wa paa, mpige usiku mbili mfululizo na mwaachie wanafunzi wahesabu picha. Wakaguzi na wathibiti ubora wa shule watakaoikuta kazi hiyo waipe alama inayostahili, kwa kuwa ni jaribio kamili lenye swali, kipimo na kosa lililoelezwa. Vijana wasio shuleni wafanye vivyo hivyo majumbani, na kila anayeisambaza video yake aandike chini yake tarehe, saa, mahali, upande ambao kamera ilielekea na mapumziko kati ya picha na picha. Bila maandishi hayo, hakuna atakayeweza kuitumia miaka 10 ijayo.